Mdomo mmoja, kazi mbili

Vijana wanaonifuata baada ya harusi huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, mtu anaweza kuishi kwa tarumbeta?" Anaweza. Mimi Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha muziki sekondari hapa Dar es Salaam, Jumamosi napuliza harusini, Jumapili nipo na kundi la matarumbeta la usharika wetu. Ila kabla ya kuniuliza habari za pesa, niulize habari za midomo.

Tarumbeta halina ulimi wa mwanzi kama domo la bata, yaani saksafoni. Kinachotetemeka ni nyama ya midomo yako mwenyewe. Pistoni zipo tatu tu, na usipobonyeza hata moja bado unapata do, sol, do, mi, sol, kutoka chini kwenda juu. Wanafunzi wapya hawaamini mpaka niweke mkono wa kulia mgongoni, niwapulizie sauti zote tano. Hapo wanaelewa kwamba midomo ndiyo inayochagua.

Na midomo huchoka. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikubali harusi mbili Jumamosi moja: mchana juu ya pikapu, Kimara hadi Mwenge, tukimsindikiza bibi harusi, usiku ukumbini. Juu ya pikapu huna maikrofoni, unashindana na honi za daladala, na bila kujijua unalikandamiza tarumbeta mdomoni ili sauti itoke. Jumapili nikapuliza ibada mbili. Jumatatu, kipindi cha kwanza, nikainua tarumbeta kuwaonyesha kidato cha pili sol ya katikati. Ukatoka upepo mtupu. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, una alama ya duara. Mtoto wa dawati la mbele akaniuliza taratibu, "Mwalimu, unaumia?" Nikasema hapana.

Nilikaa karibu wiki mbili bila kupuliza. Lakini kinachoniuma mpaka leo ni lile jibu, kwa sababu darasa zima lilijifunza kwangu kwamba mpulizaji anavumilia maumivu na kunyamaza.

Tangu hapo nafundisha kwa kuimba. Watoto wetu wengi wametoka kwaya, do-re-mi wanayo tayari. Tunauimba mstari, tunauimba tena huku vidole vikibonyeza, ndipo tunapuliza. Inasaidia hata kwenye jambo linalowatesa wengi: tarumbeta la kawaida ni la B bemoli, C iliyoandikwa kwenye karatasi inasikika chini yake kidogo, B bemoli, kwenye kinanda. Aliyelelewa na do inayohama, yaani do inayoweza kuanzia sauti yoyote, haoni shida kabisa. Darasani tukipuliza mistari minne, tunapumzika minne. Harusini tunakuwa wapulizaji wawili tunaopokezana. Nikimkosa mwenzangu, kazi ya pikapu siichukui, hata dau liwe zuri.

Kuhusu vyombo vya shule nitasema machache. Kipande cha kupulizia kioshwe kwa maji na sabuni kabla hakijapita kwa mtoto mwingine, pistoni zipate mafuta yake. Kipande cha kupulizia kikinasa, usikubali mtu akishike kwa plaizi. Bomba kinapochomekwa ni jembamba, linapinda.

Pesa sasa. Harusi zina msimu. Kwaresma zinapungua sana, Ramadhani vilevile, na mwaka 2025 vyote viwili vilianza wiki moja, mwanzoni mwa Machi. Wenzangu wanaotegemea harusi peke yake walihangaika mwezi ule. Mimi mshahara wa shule ulilipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo usiache kufundisha kwa sababu ya utamu wa Desemba. Na chukua kianzio kabla ya siku yenyewe. Baada ya keki kukatwa, mwenyekiti wa kamati hapatikani kwenye simu.

Asubuhi, kabla ya kengele, napuliza sauti ndefu za chini, polepole, dakika kumi na tano. Siku hizi wanafunzi wawili watatu huja kupuliza nami. Muhula uliopita mmoja wao, binti anayependa sana sauti za juu, aliacha kupuliza katikati ya mstari, akagusa mdomo, akaliweka tarumbeta mapajani. "Mwalimu, leo imetosha." Nikamwambia abaki, atuimbie sehemu yake. Akaimba mpaka mwisho.