Ubongo Si Debe la Kujaza

Kwa miaka 11 nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya duka la dawa mtaani Kondele, hapa Kisumu, na hakuna ombi nililolisikia mara nyingi kama hili: "Daktari, nipe dawa ya usingizi, lakini isiwe kali." Mimi si daktari, nina stashahada ya famasia, ila wateja wetu humwita hivyo kila aliyevaa koti jeupe. Mwenye kuomba dawa hiyo mara nyingi hasumbuliwi na usingizi peke yake. Ukimpa kiti na dakika kumi, utasikia kwamba ameacha kwenda kwenye chama, kwamba pikipiki yake imelala uani wiki ya tatu sasa, au kwamba watoto wakicheza karibu naye hutamani kuwafukuza na hajui sababu. Nilikuwa na jibu lililokaa tayari: ubongo wako umepungukiwa na serotonini, mojawapo ya kemikali zake, basi tutafute kitu cha kuijaza. Nililisema kwa moyo safi, kwa sababu ndivyo nilivyolielewa jambo lenyewe. Kisha mwaka 2019 ugonjwa wenyewe, yaani unyogovu, ukanikamata mimi, na jibu langu mwenyewe likawa miongoni mwa mambo yaliyonichelewesha kupona.

Ulianza miezi michache baada ya kumzika baba kule Siaya, ingawa haukuwa huzuni ya msiba iliyorefuka. Huzuni ya msiba naijua: huja na kuondoka, hukutoa machozi, kisha hukuachia nafasi ya kucheka jamaa wanaposimulia vituko vya marehemu. Hiki kilikuwa kitu kingine. Niliamka saa tisa usiku kila siku kana kwamba nimeitwa, nikabaki nikiyatazama mabati mpaka kukapambazuka. Omena niliyoipenda tangu utotoni ikawa kama karatasi mdomoni. Kazini nilihesabu vidonge vya mteja mara tatu na bado sikuwa na hakika. Sikulia hata siku moja. Mjomba, kwa mapenzi yake, alisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na akataka nitafutiwe manyasi, dawa ya mitishamba ya kuiondoa. Dada yangu mkubwa alidhani nimechoka. Nami nilijiambia kwamba ni uvivu, na hilo la tatu liliniumiza kuliko yale mengine mawili.

Maneno ya kuitaja hali hii tunayo. Kwa Dholuo watu husema parruok, mawazo yanayomzunguka mtu bila kumpumzisha; Watanzania husema sonona; vyombo vyetu vya habari hutumia unyogovu, na mitaani husemwa tu kwamba fulani ana stresi. Neno hili la mwisho lina hatari yake, kwani linamtia katika kapu moja mtu aliyekosa karo ya Januari na mtu ambaye hata akipewa karo hiyo mkononi hatapata nguvu ya kuipeleka shuleni. Madaktari hutazama muda na uzito: moyo kuinama, au kupotewa na hamu ya mambo yaliyokuwa yakikupendeza, karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi, pamoja na mabadiliko ya usingizi na ulaji, uchovu, kushindwa kumakinika, kujiona huna thamani, au kuwazia kifo. Kuna dodoso la maswali 9 la kupima uzito wa unyogovu, liitwalo PHQ-9, lenye alama kuanzia 0 hadi 27, ambalo watafiti waliwahi kulipima hapahapa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mimi nilipata alama 19. Nakumbuka nikiyasoma maswali yale na kuhisi kwamba kuna mtu aliyekuwa ameketi nami usiku ule wa saa tisa.

Sasa nije kwenye kemikali, maana hapa ndipo wengi hupotoshwa na watu kama mimi wa zamani. Seli za neva katika ubongo zimeachana kwa mwanya mwembamba sana, na habari nyingi huuvuka mwanya huo kwa kubebwa na kemikali, zikiwemo serotonini, dopamini na noradrenalini. Wazo kwamba unyogovu ni upungufu wa kemikali hizi halikuanzia katika kupima bongo za wagonjwa. Lilianzia kwenye dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, nchini Marekani, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walionekana kuchangamka kwa namna isiyotarajiwa, na ikaja kubainika kwamba dawa ile huzuia kemikali hizo zisivunjwe. Mwaka 1957 daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, akachapisha matokeo yake kuhusu imipramini, dawa nyingine ya unyogovu, na mwaka 1987 fluoksetini ikaidhinishwa Marekani, dawa ambayo huiacha serotonini ikae mwanyani kwa muda mrefu zaidi. Watu wakahitimisha kwamba, ikiwa kuongeza serotonini kunamsaidia mgonjwa, basi mgonjwa huyo alikuwa amepungukiwa nayo. Lakini mkongojo humsaidia aliyevunjika mguu, na hakuna mguu uliowahi kuvunjika kwa kukosa mkongojo. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa Uingereza na wenzake walipitia utafiti wa miongo mingi, wasipate ushahidi thabiti kwamba wenye unyogovu wana serotonini kidogo kuliko watu wengine.

Naomba msomaji asilichukue hilo kuwa uthibitisho kwamba dawa ni bure. Dawa huwasaidia wengi, nami ni mmoja wao. Linalofaa kuzingatiwa ni muda: kidonge huibadilisha serotonini ndani ya saa chache, ilhali moyo huanza kuinuka baada ya wiki 2, 4, hata 6. Kama ingekuwa ni kujaza debe lililopungua, nafuu ingekuja siku hiyohiyo. Inaelekea kwamba katika wiki hizo ubongo unafanya kazi ya polepole ya kujirekebisha. Msongo wa muda mrefu huifanya homoni ya kotisoli ibaki juu, na kwa watu waliougua muda mrefu sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu, huonekana kuwa ndogo kidogo kwa wastani. Usingizi mzuri, mazoezi ya mwili, mazungumzo ya tiba na dawa zenyewe vinadhaniwa kusaidia seli za neva kuchipua miunganisho mipya. Nilipolielewa hili niliacha kujiuliza ni kitu gani nikimeze ili nijae, nikaanza kujiuliza ni siku za namna gani ubongo wangu unazihitaji ili ujitengeneze.

Ndiyo sababu sikumwambia tena mteja ale ndizi ili apate serotonini. Ni kweli ndizi inayo, na ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, yapata asilimia 90, hutengenezwa tumboni. Lakini serotonini ya tumboni haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ndizi ni chakula kizuri. Iliwe kwa sababu hiyo.

Kosa langu kubwa lilitokea wiki ya pili ya matibabu. Nilikuwa nimeandikiwa fluoksetini, na kwa siku 12 sikuona chochote isipokuwa kichefuchefu. Niliacha bila kumwambia mtu. Binamu yangu alikuwa ametoka Ujerumani na chupa ya vidonge vilivyoandikwa kuwa vya mimea asilia, na mimi, ninayewasomea wengine maandishi madogo kila siku, sikuyasoma yangu. Siku ya tatu mikono ilianza kutetemeka, jasho likanitoka nikiwa nimekaa kitako, moyo ukaenda mbio na tumbo likaharisha. Dada alinikimbiza hospitalini usiku kwa tuktuk. Vidonge vile vilikuwa vya haiperikamu, mmea ambao Wazungu wanauita kwa jina la Mtakatifu Yohana, nao huathiri serotonini. Na fluoksetini huendelea kuwemo mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuachwa. Viwili hivyo vikikutana vinaweza kuua.

Naisimulia habari hii kwa sababu neno "asilia" linaaminiwa kupita kiasi katika eneo letu, na haiperikamu ni dawa kamili. Kwa unyogovu mwepesi na wa wastani kuna utafiti unaoonyesha kwamba husaidia, lakini huliharakisha ini katika kuvunja dawa nyingine, hata zikapungua nguvu: baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, vipandikizi na vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini ya kuzuia damu kuganda, na hata dawa mseto ya malaria tunayoitoa kila siku hapa kando ya ziwa. Mama mwenye kipandikizi mkononi anaweza kushika mimba asiyoitarajia. Kuhusu mitishamba yetu wenyewe nitasema tu kwamba, ukiitumia, mtajie daktari bila aibu, na daktari anayekukaripia kwa kumtajia amekosea yeye.

Njia za asili ninazozitetea kwa nguvu zote ni zile zisizouzwa. Ya kwanza ni kutembea. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima 156 wenye unyogovu, wa umri wa miaka 50 na zaidi: wengine walifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, wengine walipewa sertralini, dawa ya unyogovu, wengine vyote viwili, na baada ya wiki 16 makundi hayo yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Ila ushauri wa "fanya mazoezi" ni mzito kwa mtu ambaye kuvaa viatu kwake ni safari. Dada yangu alilielewa hilo kuliko mimi. Hakuniambia nitembee, alikuja mlangoni kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akasimama na viatu vyangu mkononi, na siku za kwanza tuliishia langoni tu. Baada ya mwezi tulikuwa tunaifuata barabara ya kwenda Dunga na kufika ufukweni mashua za wavuvi zikirudi. Mwanga wa asubuhi nao ulifanya kazi yake, kwa sababu ndio unaoiwekea saa ya mwili majira, na mimi nilikuwa nikishinda chini ya taa za dukani katika mji ambao uko karibu kabisa na ikweta. Usingizi ndio uliorudi kwanza, moyo ukafuata.

Kuhusu chakula sina mengi. Jaribio dogo la Australia lililochapishwa mwaka 2017 lilikuwa na watu 67, na takriban theluthi moja ya walioelekezwa kula vizuri kwa wiki 12 walipona unyogovu, ikilinganishwa na asilimia 8 ya waliopata maongezi ya kirafiki tu. Wengi wao, hata hivyo, walikuwa wakiendelea na matibabu mengine. Walichokula, yaani mboga, samaki, kunde na matunda, ndicho tulichoachiwa na nyanya zetu kwa majina ya osuga, dek na omena. Pombe iepukwe: chang'aa humlaza mtu haraka, ikamwamsha saa nane usiku akiwa na hali mbaya zaidi.

Ya pili, na naiweka sawa na dawa, ni kuketi na watu. Mwaka 2003 zilichapishwa habari za jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya kusini-magharibi mwa Uganda, ambapo wenye unyogovu walikutana kila wiki kwa wiki 16 katika vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliofunzwa kwa muda mfupi, wakazungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha; walipata nafuu kubwa kuliko wale wa vijiji visivyokuwa na vikundi. Nilimwomba mwenyekiti wa chama chetu anipe dakika tano kabla ya kukusanya michango, nikawaambia wenzangu kwamba ninaumwa na ugonjwa ni huu. Ukimya ulikaa kidogo. Kisha akina mama watatu wakanifuata nje, mmoja baada ya mwingine.

Kabla ya yote hayo, pima damu. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole na ukosefu wa vitamini B12 vinaweza kumfanya mtu afanane kabisa na mwenye unyogovu, na efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi katika matibabu ya virusi vya UKIMWI, imejulikana kuwaletea baadhi ya watu ndoto za kutisha na moyo kuinama.

Na kama mawazo ya kujiua yamekuja, usianze na matembezi wala mboga. Mwambie mtu leo, aliye karibu, kwa maneno yasiyofichwa, na mwende naye hospitalini. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba 1199 ya kupiga bila malipo. Familia nyingi zimewaficha wagonjwa wao kwa kuogopa polisi, hivyo inafaa ijulikane kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba.

Nilirudishiwa dawa chini ya uangalizi, nikaitumia kwa miezi 10, kisha tukaipunguza taratibu na daktari. Tangu hapo ugonjwa umenibishia mlango mara moja. Dalili yangu ya kwanza naijua sasa: huacha kutandika kitanda. Zikipita siku tatu nampigia dada simu, naye haniulizi kitu. Asubuhi huwa yuko mlangoni, na viatu vyangu anavyo mkononi.