Mwimbaji Msumbufu? Anzeni na Spika

Mhariri, mmeuliza wiki hii: bendi ifanyeje na mwimbaji kiongozi anayechelewa mazoezini, anayegombana na kila mtu na kutishia kuondoka? Jibu langu ni kwamba msikimbilie kuitisha kikao. Kagueni kwanza anasikia nini akiwa jukwaani.

Mpiga gitaa asiposikia gitaa lake huzungusha kitufe. Mwimbaji hana kitufe, hukaza koo. Baada ya saa moja ya kushindana na dramu, noti za juu zinaanza kupinda, na ghadhabu inamwangukia aliye karibu. Wenzake wanasema ana kiburi, kumbe koo limewaka moto.

Kwa hiyo pangeni sauti kwa kuanzia kwake. Pandisheni sauti ya maikrofoni yake mpaka spika zikaribie kupiga mluzi, shusheni kidogo, kisha vyombo vingine viingie chini ya kiwango hicho. Bendi nyingi hufanya kinyume: dramu na magitaa hujaza chumba, ndipo sauti inatafutiwa nafasi. Monita, yaani spika ya jukwaani inayomrudishia sauti yake, ielekee masikio yake, si magoti. Maikrofoni ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi kwa mbele, ambayo ndiyo ya kawaida, haisikii vizuri kutoka mkiani, basi monita ikae mkabala na mkia huo. Ya superkadioidi, ambayo eneo lake la mbele ni jembamba zaidi, husikia kidogo hata mkiani, kwa hiyo monita yake husogezwa pembeni. Akikumbatia kichwa cha maikrofoni kwa kiganja anaziba matundu yanayoifanya ichague upande wa kusikia, na mluzi unaanza papo hapo. Mwelezeni sababu hiyo mapema, kwa utulivu. Mkimkaripia katikati ya wimbo mmejitafutia ugomvi. Amplifaya ya gitaa nayo iinamishwe imtazame mpigaji usoni. Ataipunguza mwenyewe bila kuombwa. (Tuseme kweli: mara nyingi msumbufu wa kwanza ni mpiga solo.)

Halafu ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Nyimbo nyingi huwekwa kwenye E au A kwa sababu nyuzi za gitaa zinakaa vizuri hapo, koo la mtu halikuulizwa. Pimeni kiitikio mwishoni mwa mazoezi, sauti ikiwa imechoka, maana onesho nalo lina mwisho. Noti ya juu ikimtoa mishipa, shusheni nusu toni, au toni nzima: wimbo wa A upigwe G, wa E upigwe D. Kinanda hubadilisha kwa kitufe. Wapiga tarumbeta na saksafoni watanung'unika, kwa hiyo wapeni noti mpya siku chache kabla. Lakini msishushe kupita kiasi: beti zinaweza kuzama hadi maneno yasisikike, na kiitikio kikakosa moto. Noti ya chini kabisa ipimwe pia.

Kuhusu kuchelewa, tazameni ratiba yenu. Mkiitana wote saa nne, naye akakaa dakika arobaini na tano akitazama watu wakichomeka nyaya, atajifunza kuja saa tano. Wapigaji waje saa nne, yeye saa tano kasorobo, na ikifika saa tano kasorobo anzeni, awepo asiwepo, bila kumpigia simu. Akiendelea kuchelewa hapo, kosa ni lake na kila mtu ameliona. Ruhusuni pia aimbe kwa sauti ya chini mkirekebisha vyombo. Nguvu zote zibaki kwa nyimbo tatu za mwisho.

Yatakayobaki baada ya hayo ndiyo tabia. Aongee naye mtu mmoja anayemheshimu, siku isiyo ya onesho, kuhusu jambo moja lenye tarehe. "Unatudharau" haijibiki; "Jumamosi ulibadilisha mpangilio wa nyimbo jukwaani bila kumwambia mpiga dramu" inajibika.

Vitisho vya kuondoka huota pale ambapo hakuna maandishi. Andikeni mkiwa bado mnacheka pamoja: nani ametunga maneno na nani muziki, jina la bendi ni la nani, mapato yanagawanywaje, na anayetaka kutoka atoe taarifa ya muda gani. Kisha waitikiaji wawili wajifunze nyimbo tano kila mmoja, kwa ufunguo wao wenyewe. Jambo hilo lifanyike waziwazi, yeye mwenyewe akiwepo. Likifanywa kwa siri litaonekana njama. Mwimbaji kiongozi Peter Gabriel alipoiacha Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, mwaka 1975, wenzake walijaribu waimbaji kadhaa, na mwishowe aliyeshika nafasi yake ni mpiga dramu wao, Phil Collins, ambaye tayari alikuwa akiitikia.

Ikibidi aondoke, amalize maonesho yaliyokwisha kulipiwa kianzio, na mkubaliane kwa maandishi nyimbo zipi anaweza kwenda kuziimba kwingine. Nywila za kurasa za bendi ziwe kwa watu wawili tangu siku ya kwanza, si siku ya kuagana.