Maswali na majibu: Babu alipokwenda Burma

Wiki tatu zilizopita niligusia kwa mistari michache tu habari za askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliopelekwa Burma (leo Myanmar) mwaka 1944. Nilidhani mada hiyo imezeeka. Kumbe kila nyumba ina babu wake! Nimeletewa picha za vyeti, za nishani, hata ya mkanda wa jeshi ulioliwa na mende. Siwezi kumjibu kila mmoja, lakini haya yanajibu ya wengi.

Shikamoo Mwalimu. Kwenye cheti cha babu mzaa baba kimeandikwa 36 KAR. Ina maana Keya walikuwa na vikosi 36? (Msomaji, Tabora)

Marahaba. Hapana, usiisome kama thelathini na sita. Soma tatu, kisha sita. Sita ni rejimenti, na rejimenti ya 6 ilikuwa ya Tanganyika. Tatu ni batalioni. Kwa hiyo babu yako alikuwa batalioni ya tatu ya rejimenti ya Tanganyika, na 26 KAR na 46 KAR walikuwa ndugu zake. Kwa hesabu hiyohiyo 22 ni ya Nyasaland (leo Malawi), 34 na 44 ni za Uganda. Ila 11 KAR ilikuwa ya Kenya na haifuati kanuni hii, kwa hiyo usije ukanibana nayo.

Batalioni ilikuwa na watu kama 800, ikagawanywa kombania, na kombania ikagawanywa platuni. Batalioni tatu zikafanya brigedi. Hapa makarani wa jeshi walitutegea shimo: 36 KAR ilikuwa kwenye brigedi ya 26, pamoja na 22 ya Nyasaland na 44 ya Uganda, wakati 26 KAR yenyewe ilikuwa brigedi ya 25. Nimeona familia mbili zikibishana matangani kwa sababu ya namba hizi, na wote walikuwa sahihi. Brigedi hizo mbili na ya 21 ndizo zilizounda Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Kama una picha yake, mtazame begani.

Tunaambiwa walikuwa askari wa kujitolea. Kweli mtu wa Njombe au wa Kakamega alijitolea mwenyewe kwenda kumpiga Mjapani ambaye hajamkosea lolote? (Msomaji, Dodoma)

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Kwenye karatasi, ndiyo. Askari wa bunduki alihesabiwa kuwa amejiunga kwa hiari yake. Alipimwa, akaapa, akaweka dole gumba. Waliochukuliwa kwa nguvu bila kificho walikuwa zaidi wale wa kazi za mikono, wachimba barabara na wabeba mizigo wa jeshi. Lakini ukiwasikiliza wazee wenyewe, hiari ilikuwa na ngazi nyingi.

Wapo waliokwenda kwa mguu wao wakiimba: baba alikuwa askari, ukoo ni wa askari, au kijana ameona sare na buti akasema nami nimo. Wapo waliotaka fedha ya kodi na ya mahari, kwa kuwa mshahara wa jeshi uliipita kazi nyingi za kijijini na ulikuja kila mwezi. Halafu wapo waliotajwa na chifu. Serikali ilimpa chifu au jumbe idadi ya vijana, naye hakuwatoa wanawe. Alitoa mtoto wa mjane, au mgeni, au yule aliyemkosea kwenye baraza. Kijana huyo akifika kwa daktari wa jeshi anaulizwa kama amekuja kwa hiari. Ulitaka ajibu nini, na tarishi wa chifu amesimama mlangoni?

Na wapo waliochagua baya lenye nafuu. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na Java, na Waingereza na wenzao wakakosa katani na mpira vya huko. Mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, serikali ikaanza kukamata watu kwa nguvu kupeleka mashambani, na Kenya nako wakawapelekea masetla. Sasa jiweke mahali pa kijana wa miaka ishirini. Ukibaki nyumbani utapelekwa kukata mkonge. Ukienda mwenyewe kambini utapata nguo, nyama, mshahara mzuri zaidi na heshima ya bunduki. Wengi walitangulia kambini kabla hawajakamatwa. Kwa hiyo kuuliza Mjapani alitukosea nini kuna jibu la ajabu kidogo: hakumfahamu babu yako hata kidogo, lakini vita yake ilimfikia kijijini kwake kabla hajavaa sare.

Mimi siwaiti wote mashujaa wa hiari, wala siwaiti wote mateka. Tanganyika peke yake ilitoa watu kama 87,000 katika vita ile, na Kenya kama 98,000. Idadi kubwa namna hiyo haiwezi kuwa na sababu moja.

Bibi yetu alikuwa akisema kaka yake "alizama na meli ya Hindi" na hakurudi. Je, ni hadithi tu? (Msomaji, Mombasa)

Si hadithi. Meli iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari 1944 ikielekea Colombo, Ceylon (leo Sri Lanka), imebeba watu zaidi ya 1,500: askari wa mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki, mabaharia, na manesi. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297, na kati yao askari wa Afrika Mashariki walizidi 600.

Kuna jambo bibi yako pengine hakuambiwa. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya maji, na manowari za Kiingereza zilirusha mabomu ya kuitafuta wakati watu bado wanaelea. Ilizamishwa siku hiyohiyo, lakini sidhani kama kuna namna ya kulieleza hilo kwa ndugu wa aliyekuwa anaogelea. Majina ya askari hao yako kwenye mnara wa kumbukumbu ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Kutoka Mombasa ni safari ya treni tu.

Walifanya nini hasa huko Burma? Shuleni tulisoma mstari mmoja. (Msomaji, Bukoba)

Kwanza walikaa Ceylon zaidi ya mwaka, kuanzia 1943, wakijifunza vita vya msituni. Katikati ya 1944 Wajapani walikuwa wameshindwa vibaya Imphal, mpakani mwa India, wakaanza kurudi nyuma. Desturi ilikuwa kwamba masika yakianza huko, majeshi yanapumzika mpaka ardhi ikauke. Jenerali William Slim, mkuu wa Jeshi la 14, akaamua hakuna kupumzika. Aliyemtuma kumfukuza Mjapani katika bonde la Kabaw, mvua ikinyesha, ni Divisheni ya 11.

Bonde hilo lilikuwa na jina baya hata kabla ya vita. Malaria yake iliua, na kulikuwa na homa nyingine iletwayo na utitiri wa majani. Askari walipangwa mstari kila siku kumezeshwa vidonge vya mepakrini mbele ya mkubwa wao, vidonge vinavyogeuza ngozi kuwa ya manjano. Walipoanzia, Tamu, walikuta maiti za Wajapani waliokufa kwa njaa na maradhi, hazijazikwa. Kutoka hapo ni kusini, kwenye tope. Magari yalizama mpaka kwenye ekseli, barabara zikatandikwa magogo, chakula na risasi zikaangushwa kwa ndege, na mawingu yakifunga, siku hiyo mnakula mlichobakiza. Mjapani alikuwa anarudi nyuma, ndiyo, lakini aliacha watu wachache kila kilima, wamejichimbia na bunduki ya rashasha, wakisubiri. Vita vya namna hiyo havina jina la kuandika kwenye kitabu. Ni platuni moja, kilima kimoja, watu wanne hawakurudi, kesho kilima kingine.

Katikati ya Novemba 1944 walikutana na Wahindi wa Divisheni ya 5 huko Kalemyo, na mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin. Wahandisi wakatandika hapo daraja la chuma la mita 350 hivi, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo, na jeshi la Slim likavuka kwenda kati ya Burma. Divisheni ya 11 ikarudishwa India kupumzika. Ndiyo maana picha za ushindi wa Mandalay na Rangoon hazina sura zao: waliofungua mlango si waliopigwa picha sebuleni.

Brigedi nyingine ya Afrika Mashariki, ya 28, ambamo 46 KAR ya Tanganyika ilikuwemo, iliendelea mbele. Kazi yake moja mwezi Februari 1945 ilikuwa ya ujanja: kujifanya inataka kuvuka mto Irrawaddy upande wa Seikpyu ili Mjapani aelekeze macho huko, huku wengine wakivuka kweli Nyaungu. Mjapani akaingia mtegoni na kuwashambulia kwa nguvu. Kuwa chambo nako ni kazi ya vita.

Walizungumza lugha gani na Wazungu wao? (Msomaji, Lubumbashi)

Kiswahili, ndugu yangu, ingawa cha kambini, kilichonyolewa ngeli zote, ambacho watu wa Lamu wangekisikia wakafunga madirisha. Ofisa mgeni alilazimika kujifunza, maana nje ya batalioni za Nyasaland, ambako Kichinyanja kilitawala, ndiyo lugha iliyowaunganisha Mnyamwezi, Mkamba na Mwacholi katika mtaro mmoja. Maofisa wa batalioni walikuwa Wazungu. Mwafrika alipanda mpaka sajini meja, na baadhi yao walikabidhiwa kuongoza platuni, bila kuitwa maofisa.

Idi Amin alipigana Burma, si ndiyo? (Msomaji, Arua)

Alisema hivyo. Japani ilisalimu amri mwaka 1945, na Amin aliandikishwa KAR mwaka 1946. Hesabu mwenyewe.

Nina nishani ya marehemu babu, nyota ya pembe sita. Sonara anasema ni dhahabu na anataka kuinunua. Nimechunguza kote haina jina lake. Je, ni ya kweli? (Msomaji, Tanga)

Usiiuze, na huyo sonara mkwepe. Ni shaba iliyochanganywa na zinki, na thamani yake haiko kwenye mizani. Tazama duara la katikati: limechorwa jina la nyota yenyewe, likizunguka herufi za mfalme George VI na taji juu yake. Ukisoma Burma, basi alikwenda. Kama utepe wake bado upo, utakuwa wa buluu iliyokoza, mstari mwekundu katikati na miwili ya rangi ya chungwa pembeni. Ukisoma Afrika, utepe ukiwa wa rangi ya mchanga, huenda babu alipigana Uhabeshi mwaka 1941.

Kukosa jina kusikutie shaka. Waingereza walizigawa nyota hizi bila kuchora majina, tofauti na Afrika Kusini walivyofanya kwa watu wao. Ndiyo maana cheti ni muhimu kuliko chuma. Vikiwa pamoja vinasimulia, vikitengana vinakuwa bubu.

Ile sanamu ya askari pale Posta Dar es Salaam ni yao? (Msomaji, Morogoro)

Hapana, ile ni ya vita ya kwanza, 1914 hadi 1918. Ilizinduliwa 1927, wengi wa hawa bado watoto.

Waliporudi walipata nini? Na ni kweli ndio walioleta uhuru? (Msomaji, Nyeri)

Walipata bahashishi ya kuachishwa, na ilipangwa kwa rangi. Mzungu wa cheo kilekile aliweza kulipwa hata mara tatu ya Mwafrika kwa kila mwezi aliotumikia. Huko kwenu Kenya wanajeshi Wazungu walifunguliwa mpango wa kupewa mashamba, wenye ardhi yao wakarudi kutazama ua. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kwa wastaafu maskini wa makoloni ya zamani. Aliyerudi na miaka 22 alikuwa amekaribia 95.

La uhuru, tuwe na kiasi. Waruhiu Itote, aliyekuja kuitwa Jenerali China wa Mau Mau, alitoka Burma, na Bildad Kaggia naye alivaa sare hiyo nje ya nchi. Lakini kwa kila Itote mmoja kulikuwa na mamia walionunua ng'ombe, wakafungua kaduka, wakanyamaza. Kwetu kulikuwa na mzee tuliyemwita Bama. Watoto tulidhani ndilo jina lake. Hakuwahi kuhutubia mtu, ila mvua kubwa ikianza usiku alitoka kukaa barazani na hakurudi kulala.

Babu mdogo alifia huko. Nitajuaje alikozikwa? (Msomaji, Lindi)

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye intaneti, na kuitafuta ni bure. Wengi waliokufa Burma wako Taukkyan, kaskazini ya Yangon (ndiyo Rangoon ya zamani), na katikati ya makaburi hayo kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Wengine walizikwa Imphal, India.

Usianze na jina. Karani Mwingereza alimsikia kuruta wa Lindi akaandika alivyoweza, kwa hiyo Mohamedi anaweza kuwa Mahomed, na mara nyingi jina la baba ndilo limewekwa mwisho kama ukoo. Anza na namba yake ya jeshi kama cheti kipo. Kama hakipo, tafuta kwa batalioni na mwaka, kisha pitia majina kwa sauti, ukiwa umekaa na mtu mzima wa familia. Sikio lake litalitambua jina ambalo jicho lako limelipita.