Wasomaji Wanauliza: Mashine ya nyasi, ninunue ya petroli ama ya betri?

SWALI: Habari za kazi. Niko Entebbe, naendesha gesti ndogo, kiwanja chetu ni desimali 65, ukitoa nyumba na pahali pa magari bado kompaundi inabaki kama nusu eka, karibu yote ni pasipalamu na upande wa chini kuna mteremko kidogo. Mpaka sasa nalipa vijana wa slasha lakini mvua ikishika wanachelewa, mgeni anafika nyasi imefika magotini, halafu slasha ikigonga jiwe naanza kuomba Mungu kwa vioo vya magari ya watu. Nataka mashine ya kusukuma. Mwanangu yuko Marekani, ananiambia mama usinunue ya petroli, huku watu wanahamia kwa betri, ananitumia picha ya moja ya volti 40 na anasema atakuja nayo Desemba. Kijana anayenifanyia kazi ya bustani yeye anataka petroli. Umeme kwetu unakatika ila si kila siku. Nimsikilize nani?
Mama wa gesti, Entebbe

JIBU: Mama, pole na kazi. Nunua ya petroli. Ila kabla sijaeleza, nimtetee mwanao kidogo maana anachokuambia ni kweli kule aliko. California walipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia uuzaji wa injini ndogo mpya za aina hii, ikaanza na mashine za 2024, na Honda waliacha kutengeneza mashine zao za nyasi za petroli kule Marekani mwaka 2023. Sababu kubwa ni moshi. Bodi ya hewa ya California yenyewe ilipiga hesabu kwamba mashine ya petroli ya kazi za biashara ikikata nyasi saa moja tu, uchafu wake wa hewa unalingana na ule wa gari dogo la 2017 likienda maili 300, hiyo ni karibu kilomita 480, yaani kama Kampala mpaka Arua. Kwa hiyo asije mtu akakuambia petroli haina ubaya. Iko nao, na kelele pia, na anayesukuma ndiye anayevuta ule moshi, usimsahau.

Lakini wewe nyasi zako ziko Entebbe. Tuangalie nguvu kwanza. Betri ya volti 40 yenye ampea-saa 5 inabeba wati-saa 200, unazidisha tu. Lita moja ya petroli inabeba kama wati-saa 9,000, na hata injini ikipoteza sehemu nne kati ya tano kwa joto, bado kisu kinapata kama 1,800, yaani lita moja inafanya kazi ya betri tisa hivi. Betri kama hiyo kwa nyasi fupi na kavu inaweza kwenda nusu saa ama dakika 40, sasa pasipalamu iliyonyeshewa mwezi wa nne, nene, nzito, ile inainyonya betri haraka sana. Mashine yenye kisu cha sentimita 50 kwa nusu eka, ukihesabu kugeuka na kurudia mistari, ni kazi ya saa moja na nusu mpaka mbili. Utahitaji betri tatu ama nne, ama kijana akate, akae, asubiri chaji, akate tena, na siku umeme umeenda ndio basi, kazi imelala hapo mpaka kesho na kesho mvua inanyesha. Bwawa la umeme la Karuma limeanza kutoa megawati 600 tangu 2024, umeme nchini upo, lakini transfoma ya mtaa ikilala hiyo Karuma haikusaidii chochote kwa kompaundi.

Halafu hiyo ya kuja nayo Desemba, mwambie asubiri kwanza. Chaja nyingi za vifaa vya kule zimetengenezwa kwa volti 120 na sisi hapa ni 240, ukiichomeka kwa ukuta imekufa siku hiyo hiyo, asome maandishi mgongoni mwa chaja. Na kwenye ndege ya abiria betri ya akiba inayopita wati-saa 160 hairuhusiwi, si mkononi si kwenye sanduku, kwa hiyo kama yake ni hiyo ya 200 wataizuia uwanja wa ndege na pesa itakuwa imeenda.

Lakini kwangu mimi jambo kubwa kuliko yote hayo ni nani atakutengenezea. Mashine ya betri, roho yake ni betri, na kila kampuni ina umbo lake, ya huyu haiingii kwa ya yule. Betri ya lithiamu inachoka kila mwaka hata ukiitunza, joto linaichosha zaidi, na siku ikifa kama hapa nchini hakuna wa kukuuzia ile ile, unabaki na plastiki na magurudumu. Ya petroli ni injini ya stroki nne, kabureta, plagi, filta ya hewa, kamba ya kuvuta. Boda nyingi hapa ni injini za jamaa hiyo hiyo, hivyo fundi yeyote wa boda mwenye akili anaweza kukusafishia kabureta mashine ikiwa mbele ya mlango wako, na kisu kikipinda ama kikiisha makali, Katwe pale Kampala wanakinoa, ila wakirudishe kikiwa na uzito sawa pande zote mbili, kisipolingana mashine itatetemeka na itakula bearingi. Hilo ndilo linanifanya niseme petroli bila wasiwasi. Dukani usilipe kabla hawajakuonyesha kisu cha akiba, filta na kamba vya mashine ile ile, viko kwenye rafu, sio "vinakuja wiki ijayo".

Chukua injini ya cc 160 kwenda juu, usikubali ndogo ati kwa kuwa ni rahisi, maana injini ya kabureta inapoteza nguvu kama asilimia 3.5 kila unapopanda mita 300 na Entebbe iko kwenye mita 1,150 hivi, kwa hiyo hata ikiwa mpya utaipata na upungufu wa asilimia 13 hivi. Betri haina hilo tatizo, tuseme ukweli. Kwa mteremko na ukubwa wako tafuta inayojisukuma yenyewe kwa magurudumu ya nyuma, kijana wako atakushukuru. Kwa mteremko akate akienda kwa upande, asipande na kushuka, akiteleza akishuka mashine inamtangulia, akiteleza akipanda inamrudia kwa miguu. Na pale pamesimama sana acha slasha ifanye.

Sasa sikiliza hapa vizuri maana hapa ndipo mashine nyingi zinafia. Mashine mpya mara nyingi inatoka kwa boksi haina oili ndani, hata tone. Mtu anamwaga petroli, anavuta kamba, inawaka, anafurahi, dakika chache injini imeshikana. Weka oili kwanza, SAE 30 ama 10W-30, ni kama nusu lita lakini angalia kwa kijiti chake usipitishe. Na kijana asichanganye oili na petroli kama zile mashine za kubeba begani zenye stroki mbili, hii ya kusukuma ni petroli tupu kwa tanki, oili ina mlango wake. Baada ya saa tano za kwanza za kazi mwaga hiyo oili uweke mpya, halafu kila saa 50, na kwako ukikata kila wiki hiyo inakuja kama baada ya miezi sita. Filta ya hewa isafishwe mara kwa mara, zaidi Januari na Februari na vumbi letu hili.

Petroli nunua pampu, sio zile chupa za kando ya barabara. Usiweke jerikeni limejaa stoo miezi miwili, petroli ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuharibika na kuacha gundi kwa kabureta. Kiangazi kikiingia na hukati, funga koki ya mafuta uiache injini iungurume mpaka ijizime. Kuongeza mafuta asubiri ipoe kwanza. Na asiwashe ndani ya stoo hata kwa kujaribu tu, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu bila kumshtua.

La mwisho, na hili usiliachie kijana peke yake: atembee kwanza kompaundi yote aokote mawe, chupa na waya. Hii mashine haikuondolei wasiwasi wa vioo, inarusha jiwe kuliko slasha. Ile fimbo ya kushikilia kwa mpini, ukiiachia kisu kinatakiwa kisimame, Marekani sheria inadai kisimame ndani ya sekunde 3. Kuna watu wanaifunga na mpira wa tyubu ili mkono usichoke. Ukikuta imefungwa, kata ule mpira siku hiyo hiyo. Na kabla hajaingiza mkono chini kutoa nyasi zilizokwama achomoe waya wa plagi kila mara, hata kama injini imezimwa, maana kisu kikizungushwa kwa mkono injini inaweza kushtuka.

SWALI: Sisi tuko shule moja Kabale, tulinunua mashine ya petroli Kampala, kule dukani ilinguruma vizuri sana, tumefika nayo huku haina nguvu, inatoa moshi mweusi na plagi inajaa masizi. Fundi anasema tumeuziwa feki, ni kweli?
Mtunza uwanja, Kabale

JIBU: Si lazima iwe feki, kaka. Kampala iko mita 1,200 hivi, ninyi mko karibu 2,000. Hewa huko ni nyepesi lakini kabureta bado inamwaga mafuta ya kule chini, basi petroli inazidi hewa, ndio huo moshi mweusi na masizi. Kwanza toa filta ya hewa uisafishe, ikiwa imeziba dalili ni hizo hizo na utakuwa umemaliza bure. Ikiwa ni safi, mwambie fundi aweke jeti kuu, kile kitundu cha kupitisha petroli, iliyo ndogo zaidi kwa kabureta, zipo za sehemu za juu, na ile ya zamani muitunze maana mashine ikirudishwa chini na jeti ndogo itapata joto kupita kiasi. Hata hivyo nguvu yote hairudi, mita 2,000 inakula zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo pandisheni kisu juu, mkate mara nyingi kidogo kidogo, msiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mara moja. Kama ingekuwa moshi mweupe ama wa bluu ningesema oili imezidi ama mliilaza vibaya kwenye gari, inalazwa upande wa kabureta ukiwa juu.

SWALI: Niko Ntinda, kiwanja ni futi 50 kwa 100 na nyumba imekula karibu chote, nyasi ni kipande mbele tu. Nina sola na betri zake. Na mimi ninunue petroli?

JIBU: Hapana dada, wewe nunua ya betri. Kiwanja chote ni mita za mraba 465 hivi na ukitoa nyumba, hicho kipande hakimalizi chaji moja, mtoto wa jirani atalala bila kelele, na sola itachaji mchana. Hakikisha tu duka linauza betri ya akiba na chaja ni ya volti 240, betri usiiache juani, ichaji ikiwa imepoa.