Nani alimsikia kwa masikio yake?

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kijana wa mtaani kwenu ameandika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa kwamba haamini tena habari za pepo na moto, watu wameanza kusema "apewe somo", na wewe hujui ufanye nini. Pili, umeuliza bila kuzunguka kama mtu wa namna hiyo hajajitakia mwenyewe. Naanza na hilo la pili, maana wachangiaji kadhaa hapo juu wameshajibu "kajitakia", na mimi ningejibu hivyohivyo kabla ya mwaka 2013. Hapana, hajajitakia. Na nitakueleza kwa nini nasema hivyo nikiwa Mwislamu niliyelelewa Tandika, niliyehitimu msahafu nikiwa na miaka kumi na miwili, na ninayeswali hadi leo.

Jirani yangu wa kazi alikuwa fundi viatu. Mimi ni fundi cherehani, na kati ya meza yangu na kibaraza chake palikuwa na mtaro tu. Mtoto wake wa pekee, wa miaka minne, alishikwa na degedege usiku, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Tulizika alasiri. Usiku tukawa tumekaa mkekani chini ya turubai, wazee wanampa pole kwa maneno ambayo sote tunapeana: "Kazi ya Mungu haina makosa." Alikuwa ameinama, anakwangua ile gundi ya njano ya viatu iliyomkaukia kwenye ukucha wa dole gumba. Bila kuinua kichwa akasema, "Hii ina makosa."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba magoti yetu yanagusana. Nililisikia. Mzee mmoja akasema "Astaghfirullah", mwingine akambinya bega, yakaisha. Lakini baada ya arobaini hakurudi msikitini, na kijiweni akawa anauliza maswali: mtoto wa miaka minne kamkosea nani? Kama ni mtihani, anayetahiniwa ni yeye au ni mimi? Hakutukana. Nasema hivi kama mtu niliyekaa naye kuanzia asubuhi hadi magharibi, siku sita kwa wiki. Alikuwa anauliza kama mtu aliyepotelewa na kitu.

Sasa kumbuka wakati wenyewe. Mwaka uliotangulia, Oktoba 2012, yalikuwa yametokea ya Mbagala. Watoto wawili walibishana kuhusu kitakachompata mtu akiukojolea msahafu, mmoja wao, wa miaka 14, akaukojolea. Polisi wakamshikilia, umati ukaenda kituoni kutaka ukabidhiwe. Mtoto wa miaka 14! Walipomkosa wakageukia makanisa, wakavunja na kuchoma, na polisi wakapiga mabomu ya machozi. Makanisa yale hayakuwa yamekojolea kitu. Baada ya siku ile, huku kwetu Temeke neno "kukashifu dini" lilikuwa kama kiberiti mfukoni, kila mtu anatembea nacho.

Mteja wangu mmoja alikuja kuchukua gauni lake. Akaniuliza, huyu jirani yako mbona siku hizi hafungi kibanda Ijumaa? Nikamjibu, "Yule? Siku hizi anatukana dini." Hayo ndiyo maneno yangu. Nilikuwa najua fika alichosema, nilikuwa mkekani, lakini nikachagua neno "anatukana" kwa sababu ni fupi na linanogesha mazungumzo. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kufikia adhuhuri nikaisikia ikirudi kwa kijana wa bodaboda: fundi viatu kamtukana Mtume. Alasiri ikarudi tena: kachana msahafu. Wapo waliokuwa wakikitamani kile kibaraza chake, kipo mahali pazuri, pembeni ya njia ya sokoni. Sisemi wao ndio walioongeza chumvi, sikuwaona wakiongeza. Nasema walikuwa mstari wa mbele jioni ile.

Baada ya swala ya magharibi watu walikuwa wameshajaa mbele ya nyumba aliyopanga. Ukiniuliza walikuwa wangapi nitakwambia thelathini au arobaini, na wengi hawakuwa wa mtaa wetu. Mwenye nyumba, bibi mmoja wa makamo, alikuwa amefanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria mwili unanisisimka: alimfungia fundi na mkewe chumbani kwa kufuli la nje, akautia ufunguo kifuani ndani ya kanga, akasimama mlangoni. Watu wanapiga kelele atolewe, yeye anarudia sentensi moja tu, "Huyu ni mpangaji wangu, kodi kalipa miezi sita." Sauti ikatoka nyuma, "Petroli iko wapi?" Unaijua sauti hiyo, mkuu. Ni ileile inayotoka mtu akipigiwa ukelele wa "mwizi!", na kesho gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba hasira ndiyo iliyonunua petroli.

Aliyekuja kuuzima moto ule ni maalim aliyetufundisha sote pale mtaani. Mzee, ana tochi mkononi, amevaa kanzu na ndala. Hakuhutubia. Aliuliza, "Nani alimsikia kwa masikio yake? Asogee mbele." Kimya. "Basi aliyeuona huo msahafu uliochanwa aniletee kurasa zake, hazifai kukaa chini, nikazizike." Akawa anamulika tochi uso mmoja baada ya mwingine, anangoja kweli, kama mtu anayengoja kukabidhiwa kitu. Hakuna aliyekuwa na hata karatasi moja.

Tochi ikanifikia mimi. Ningeweza kuangalia chini kama wengine. Namshukuru Mungu ulimi ulifunguka. Nikasema, "Maalim, mimi nilimsikia. Alisema kazi hii ya Mungu ina makosa. Alisema siku tuliyomzika mwanawe." Mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Huo si uchungu jamani?" Na watu wakaanza kuondoka pembeni mmojammoja, wale wa mbali kwanza. Si wote. Mawe mawili matatu yalitua batini usiku ule.

Baadaye maalim aliniita nyumbani kwake. Nilidhani atanisifu. Akanisomea aya ya sita ya Suratul Hujurat, ile inayoamrisha kwamba mpotovu akikuleteeni habari muichunguze, msije mkawadhuru watu kwa kutojua kisha mkabaki kujuta. Akaniuliza, "Mpotovu katika habari hii nani?" Nilijua ananiuliza mimi. Kisha akanikumbusha hadithi ya yule bedui aliyeingia msikitini kwa Mtume akakojoa humohumo ndani. Maswahaba waliinuka wamkamate. Mtume akasema mwacheni amalize, mwageni ndoo ya maji juu ya mkojo wake, nyinyi mmeletwa kurahisisha na si kufanya mambo yawe mazito. Ndoo moja ya maji! Hadithi hii imo katika Bukhari, tumeisoma chuoni tukiwa watoto, lakini ile wiki ya Mbagala sikumsikia mtu hata mmoja akiitaja.

Na ndugu zangu Wakristo mnaosoma hapa msidhani habari hii ni ya upande mmoja. Kosa alilohukumiwa Yesu mbele ya baraza la makuhani lilikuwa kukufuru, na kuhani mkuu alipolitamka akaongeza, tuna haja gani tena ya mashahidi? Stefano alipigwa mawe kwa shitaka hilohilo. Mwaka 1553 Geneva, waliomchoma Michael Servetus akiwa hai kwa kuukana Utatu walikuwa Wakristo. Wala si umati peke yake unaokosea. Hapa Dar, Februari 1998, chanzo cha vurugu za Mwembechai ni wahubiri wa Kiislamu kutuhumiwa kukashifu Ukristo katika mihadhara yao, polisi wakaingilia, na watu wakauawa kwa risasi.

Nimefuatilia mambo haya tangu wakati ule, na kila nikichimba naikuta ileile ya mtaani kwetu. Farkhunda Malikzada, Kabul, Machi 2015: dada wa miaka 27, mswalihina, msomi wa dini, alibishana na muuza hirizi mahali pamoja patakatifu pa kuzuru kwamba hirizi si dini. Muuzaji akapaza sauti kwamba huyu kachoma Qur'ani. Wakamuua mchana kweupe polisi wakiwepo, wakamchoma. Uchunguzi haukupata ushahidi wowote kwamba alichoma. Mashal Khan, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Mardan, Pakistan, Aprili 2017: aliuawa na wanafunzi wenzake kwa tuhuma za kukufuru, wachunguzi hawakukuta kufuru, walichokuta ni kwamba alikuwa akiukosoa uongozi wa chuo. Deborah Samuel, Sokoto, Nigeria, Mei 2022: aliuawa naye kwa tuhuma za kukufuru, chanzo ni ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Grupu la WhatsApp, mkuu, kama hilo la kwenu.

Utaniambia, je, kama kweli amekufuru? Huyo wenu kaandika mwenyewe, hakuna uzushi. Sawa. Basi kwa Mwislamu ipo aya ya 140 ya Suratun Nisaa: mkisikia aya za Mwenyezi Mungu zinakanushwa na kufanyiwa stihizai, msikae na hao watu mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Msikae nao. Yaani uinuke uende zako, na wakibadili mazungumzo unaruhusiwa kurudi kukaa. Sijaona petroli hapo. Na kwa raia wa nchi hii, ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Kweli Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 129 kwa anayetamka maneno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwingine, na kikomo chake ni kifungo cha mwaka mmoja. Lakini hata hapo mahakama inataka nia ithibitishwe. Katika kesi ya Dibagula, mhubiri wa Kiislamu alitiwa hatiani Morogoro kwa kukana hadharani uungu wa Yesu, na Mahakama ya Rufani ikaja kumfutia hatia, kwa hoja kwamba kutangaza unachokiamini si sawa na kukusudia kumuumiza mtu, hata kama mwingine ataumia. Uhuru uliomlinda yule mhubiri ndio huohuo unaomlinda kijana wenu. Hatuwezi kuudai siku ya kwetu tukaunyima siku ya mwenzetu.

Kuhusu la kufanya: usingoje. Mtafute kijana leo, ana kwa ana, usimwandikie kwenye grupu. Muulize ana pa kulala nje ya mtaa kwa wiki mbili hivi. Zungumza na mwenye nyumba wake kabla wengine hawajamfikia. Nenda kwa mjumbe na serikali ya mtaa, na kama kuna aliyeandika vitisho, piga picha ya skrini uipeleke kituo cha polisi ukiongozana na mtu mzima anayeheshimika, ili usirudishwe mlangoni. Mwambie kiongozi wa grupu alifunge kwa siku chache. Na mtafute shehe au mchungaji ambaye watu wanamsikiliza, umweleze maneno yenyewe kama yalivyoandikwa, neno kwa neno, kabla hajaletewa yaliyoongezwa. Akikubali kusema, aseme sasa, Ijumaa hii au Jumapili hii. Tochi ya maalim ilifika kwa wakati kwa sababu nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale. Ingekuwa ya thelathini, nisingekuwa naandika habari ya mtu aliyepona.

Kuna aliyeuliza kama watu wa namna hii hurudi mtaani. Wetu hakurudi. Aliondoka na mkewe kabla ya alfajiri kwa bajaji, na begi moja. Asubuhi tulikuta kibaraza kimevunjwa na viatu vya wateja vimetupwa mtaroni. Nilikunja suruali hadi magotini nikaingia, nikapata jozi saba na viatu vinne visivyo na wenzake. Nikaviosha, nikavianika juu ya meza yangu ya cherehani, na sikushona kitu siku ile.

Alinipigia baada ya miezi mingi, kwa namba nisiyoijua. Nilitaka nimwombe radhi kwa lile neno "anatukana", nilikuwa nimejiandaa muda mrefu. Hakunipa nafasi. Aliniuliza kama vile viatu vyeusi vya shule, vya mtoto wa darasa la pili, vilichukuliwa, maana mama yake alishalipa elfu tatu na soli ya kushoto alikuwa hajaimaliza. Nikamwambia nilivipeleka kwa fundi mwingine, vikamalizwa, mtoto akavivaa. Akasema, "Ahsante, fundi." Ndipo nikamwomba radhi. Akakaa kimya, nikawa nasikia magari upande wake, halafu salio likaisha.