Kuhamishia kompyuta ya zamani kwenye keisi ya kusimama: kadi zisilegee

Kompyuta nyingi za miaka ya 80 zilitengenezwa zilale mezani, kadi (mbao ndogo za nyongeza, kama za sauti au diski) zikisimama wima juu ya madabodi, ule ubao mkuu wa umeme. Ukiihamishia kwenye keisi ya kusimama, kadi zinalala ubavu na uzito unavuta ncha ya mbele kwenda chini. Kadi fupi ya sauti haisumbui. Kazi iko kwenye kadi ndefu za ISA (aina ya kadi na sloti za kompyuta za zamani), zile zinazokaribia sentimita 34: zimeshikwa na skrubu moja nyuma, mbele zinaning'inia.

Hapa Mwanza dawa ya wengi ni kukaza skrubu zaidi. Angalia kwanza. Chomeka kadi bila skrubu, mulika tochi, uone bati la kadi (lile la nyuma, lenye tundu la skrubu) linavyokutana na mdomo wa keisi. Kukiwa na uwazi wa milimita mbili tu, ukikaza, nyuma inavutwa chini na ncha ya mbele inachomoka kidogo kwenye sloti, ule mfereji wa madabodi inamochomekwa. Leo mashine inawaka, kesho haioni diski, na utaambiwa madabodi imekufa. Legeza skrubu za madabodi, chomeka kadi ya kwanza na ya mwisho, zibane, ndipo ukaze madabodi. Uwazi ukibaki, tia washa nyembamba (kile kipete cha bati cha skrubu) kati ya bati la kadi na mdomo wa keisi.

Skrubu yenyewe iwe ya nyuzi nene. Ile nyembamba ya kifaa cha diski za flopi inaingia, inazunguka, haishiki.

Ncha ya mbele mimi naitengenezea reli. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu kule Nyakato hawakosi vipande vya mfereji vilivyobaki. Kipande cha urefu wa kidole kinatosha. Ndani kivike mpira wa tyubu ya baiskeli, maana chuma kikigusa njia za umeme za kadi ni shoti. Kifunge kwenye fremu ya diski, kadi iteleze ndani bila kupinda. Gundi ya moto kwenye sloti siitaki kabisa. Siku ya kusafisha miguu ya kadi, ile inayoingia kwenye sloti, utailaani.

Kabla hujalipia keisi, pima nafasi kati ya sloti. IBM PC ya 1981 ina sloti 5 zilizoachana milimita 25.4. IBM XT ya 1983 na nyingi zilizofuata zina milimita 20.3, na keisi za siku hizi zinafuata kipimo hicho. Hiyo ya 1981 iache kwenye keisi yake.

Matundu ya sloti zisizotumika yazibe. Anayeishi Kirumba au Igombe anawajua wadudu wa ziwani: usiku wanafuata mwanga, na feni inawavuta ndani, wanakauka juu ya madabodi.

Kompyuta ikisafiri kwenda Nansio au Sengerema, ng'ambo ya ziwa, ilaze ili kadi zisimame wima, kadi nzito zichomoe uzifunge kando. Kwenye meli kaa nayo karibu, wasije wakaipandishia magunia ya dagaa.