Laptopu inazimika yenyewe ikipata moto

Ndugu yangu wa Chake Chake uliyeuliza kwa nini laptopu yako inazimika ghafla baada ya nusu saa, si lazima iwe betri. Prosesa (chipu kuu inayoendesha kompyuta) nyingi zikizidi kama nyuzijoto 100 huizima mashine zisiungue. Kama iko juu ya godoro, itoe kwanza, iweke mezani. Kisha weka mkono kwenye tundu la hewa: feni inavuma lakini hewa haitoki? Basi kumeziba vumbi. Zima, chomoa chaja, puliza, feni uishike isizunguke.

Lakini huku kwetu pwani vumbi hushikana na unyevu wa chumvi likawa kama tope, kupuliza pekee mara nyingi hakutoshi. Yangu ilitulia fundi alipoifungua na kubadilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. (Pesti yenyewe, si dawa ya meno, maana wapo wanaoipaka!)